Jina Nililolitaja Bwawani

Bwawa lile nililiogopa kabla sijalitia machoni. Nilipoolewa kutoka upande wa Sosiot na kuletwa kwenye kilima kimoja karibu na Kapkatet, wiki ya kwanza tu mama mkwe alinionyesha mipaka ya maisha yangu mapya. Hapa kisima, hapa kituo cha kupimia majani, pale kanisa, na kule chini, ukivuka kijito na kuingia kwenye shamba kubwa la chai la kampuni, kuna bwawa, na huko usiende peke yako. Sikuuliza kwa nini. Mimi ni mtu mwoga, sikatai, na mtu mwoga akiambiwa asiende mahali hangoji maelezo.

Maelezo yalikuja yenyewe, kidogo kidogo, tukichuma chai. Zamani, wazungu walipoishi katika zile nyumba kubwa za shambani, waliuzuia mto wakapata bwawa la kuvulia samaki siku za Jumapili, kisha wakaleta mashua ya mbao. Wapiga makasia walikuwa vijana wawili wa kwetu, waliotahiriwa msimu mmoja na kukaa jandoni nyumba moja. Alasiri moja walikuwa wakiirudisha mashua peke yao, mvua ya mawe ikawakuta katikati ya maji. Mashua iligonga kisiki cha mti uliofunikwa na bwawa, ikapasuka. Kijana mmoja alitoka mzima. Wa pili, walisema, alizama bila hata sauti, na mwili wake ulitolewa siku ya tatu.

Huyo aliyetoka mzima ndiye baba mkwe wangu.

Mashua haikuondolewa. Maji yaliisukuma hadi kwenye ghuba ndogo upande wetu ikazama matopeni, na huko ikabaki. Mwaka wa mvua nyingi huioni. Mwaka wa kiangazi inatoa mbavu zake nje, nyeusi, na wanawake waliokwenda kuokota kuni walikuwa wakipita hapo kimya, hatua za haraka, kila mmoja akimwangalia aliye mbele yake. Hakuna aliyeniambia waliogopa nini hasa, na kwangu hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nilijaza mwenyewe.

Kitu kingine nilichoonywa wiki ile ya kwanza kilikuwa jina la mzee. Kwetu mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe. Halitaji mbele yake, halitaji akiwa hayupo, halitaji hata akiulizwa na karani wa chifu. Anatafuta mtu mwingine amjibie. Na si sisi wakaza wana tu. Mama mkwe mwenyewe, baada ya kumzalia watoto saba, hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita baba wa kifungua mimba wake, ikaishia hapo. Kanisani mchungaji alituhubiria kwamba Mungu anamjua kila mtu kwa jina lake na kwamba mambo haya ya kale hayana uzito, na mama mkwe akaitikia amina kwa sauti, akarudi nyumbani akaendelea kama kawaida. Nikifundisha watoto Jumapili, nilikuwa na mmoja mwenye jina lilelile la mzee. Miaka miwili mizima nilimwita wewe wa koti jekundu, hata baada ya koti kumbana akapewa mdogo wake.

Ilisemekana mkaza mwana akilitaja jina lile ni kama amemtakia mzee kaburi. Mimi nililiamini hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukubali mbele ya mchungaji.

Mwaka huo ninaousimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, na kiangazi kilikuwa kimetubana. Ng'ombe walikonda, chai ikagoma kuchipua, na mzee akaanza kurudi nyuma. Sijui namna nyingine ya kulisema. Kwanza aliulizia ng'ombe waliouzwa kabla mume wangu hajazaliwa. Kisha akamuulizia mama yake mzazi, kama ameshatoka kisimani. Ilifika siku akamtazama mama mkwe akimwekea chakula, akamshukuru kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mwenye nyumba uliyopita tu kuomba maji. Mama mkwe alitoka nje akakaa na ndama kwa muda mrefu. Ukimwita Baba, mzee aligeuka kutazama mlangoni, aone ni baba wa nani anaingia.

Basi tukawa tunamlinda kwa zamu. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, akiingia shifti ya mchana, kwa hiyo zamu zilikuwa za mama mkwe na mimi. Siku hiyo mama mkwe alikwenda hospitali ya Kapkatet kumwona dada yake aliyelazwa. Aliniachia mzee kama anavyoachiwa mtu mtoto mchanga, kwa maagizo mengi, na la mwisho lilikuwa nisimwache aone lango liko wazi.

Saa nane mchana nikasikia honi ya lori la majani, mapema kuliko kawaida yake. Nilikuwa na kikapu kimoja na nusu nilichochuma asubuhi, na majani yakilala yanapata moto, yanageuka rangi, hayapokelewi. Nilimtazama mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na moto, koti lake zito mwilini, kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, mkononi, ametulia. Nikajiambia ni dakika kumi na tano kwenda na kurudi. Nikafunga lango kwa kamba, nikakimbia.

Karani wa kupima majani siku hiyo aliamka vibaya. Aliingiza mkono kwenye kikapu changu, akatoa majani mawili magumu, akaniambia nikamwage yote kwenye turubai niyachague upya. Nililazimika kupiga magoti hapo mbele ya watu, nikitoa jani moja moja, huku moyo wangu ukiwa nyumbani. Ningeweza kuyaacha. Kila nikilikumbuka hilo najichukia upya: ningeweza kuyaacha yale majani palepale, nikaondoka. Lakini niliona haya. Nilipopimiwa na kurudi, ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kiliwekwa chini vizuri, kimefunikwa na kisahani. Kamba ya lango ilikuwa imefunguliwa, si kukatwa, na kuzungushwa kwenye nguzo kama anavyofanya mtu mwenye akili zake timamu. Nilizunguka nyumba, nikachungulia zizini, chooni, ghalani. Niliita Baba, Baba, na mbwa peke yake ndiye aliyekuja. Halafu nikaona viatu vyake vya mpira havipo ukutani, na kwenye vumbi la njia, alama zake zinateremka. Zilikuwa zinaelekea chini, kijitoni.

Nilivuka kijito nikaingia kwenye chai ya kampuni. Wenye kuipita barabarani huisifu chai ile, eti zulia la kijani. Ukiwa ndani yake unamtafuta mtu ni jambo jingine: mistari ni mamia, yote inafanana, na mtu aliyechutama humwoni hata akiwa hatua tano kutoka ulipo. Niliita kila baada ya mistari michache. Juu, upande wa Bomet, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya meusi, yale ya Machi yanayokuja na mawe. Nilijua anakwenda wapi. Niliendelea kuita kwenye chai kwa sababu sikutaka kujua.

Nilifika bwawani. Sikuwahi kuliona likiwa limepungua namna ile. Maji yalikuwa yamerudi nyuma mbali, yakaacha ufuo mpana wa tope lililopasuka, na visiki vimesimama nje. Njia ya wafanyakazi ilifuata ukingo, nami nikaifuata, nikitembea upande wa nje kabisa, bega langu likigusa chai. Nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa nasema Zaburi, naipoteza katikati, naianza tena.

Kwenye ile ghuba ndogo nikaiona mashua. Nilidhani ingekuwa kubwa. Katika woga wangu nilikuwa nimeijenga kama nyumba. Ilikuwa na urefu wa watu wawili na nusu hivi. Upande mmoja ulishaoza, mbavu zimesimama wazi, na ndani yake tope limeota majani membamba. Pete ya chuma ya kushikilia kasia ilikuwa bado mahali pake, imeliwa na kutu. Na juu ya ubavu wa mbele, limetundikwa kwa ukosi wake, koti la baba mkwe wangu. Chini yake viatu vya mpira, kimoja kando ya kingine, vidole vikitazama maji.

Nilisimama. Nilitaka mtu mwingine, yeyote, awe ndiye aliyeliona koti lile badala yangu.

Niliita tena Baba, na maji hayakujibu. Nikaita mzee wetu, nikaita babu, ingawa nilikuwa bado sijazaa. Hakuna.

Mtu aliyenisikia alikuwa msimamizi wa wapaliliaji wa kampuni, mwanamume wa makamo, mtu wa kule magharibi kando ya ziwa, aliyekuwa akiwahi kambini kabla ya mvua. Alikuja mbio kati ya mistari. Nilimweleza, nikamwonyesha koti. Hakupoteza muda. Alivua kofia yake, akatazama maji kwa namna ya mtu anayeyafahamu, akaniambia yeye kwao maji ndiyo shamba, haogopi, ataingia. Kisha akaniuliza mzee anaitwa nani.

Nilimwambia ni baba mkwe wangu.

"Hiyo nimesikia, mama. Jina yake ni nani, nimuite?"

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, nililijua kama ninavyojua langu, na halikutoka. Nilikuwa nimelifunga miaka miwili, na sasa niliona wazi kabisa, kama mtu anayeona gari linakuja, kwamba mzee yuko ukingoni mwa kifo na neno langu moja ndilo litakalomsukuma. Nikamwambia siwezi kulitaja.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. "Mzee pengine ako ndani ya maji, na wewe unaniambia huwezi taja jina? Kwetu mtu akipotea kwa maji tunamuita na jina yake, ndio ajue ni yeye anatafutwa."

Nikarudia kwamba siwezi, nikaanza kulia. Ningeweza hata kuliandika kwenye tope kwa kijiti. Wazo hilo lilinijia miaka miwili baadaye nikiosha vyombo, nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Lakini siku ile halikunijia. Yule mtu alitikisa kichwa, akasema pengine mzee amefuata ukingo kuelekea kwenye ukuta wa bwawa, ambako kina ndicho kirefu, ataanza huko, nami nikae hapahapa nisiingie majini hata iweje. Akaondoka akikimbia, akiita mzee, mzee. Nilimsikia mpaka sauti yake ikapotea. Nilikuwa nimemwacha aende mtu pekee aliyejua kuogelea, kwa sababu ya jina.

Halafu mawe yakaanza. Wa kwetu wanajua mvua ya mawe haiji polepole. Unasikia ngurumo ya mabati ya kambi iliyo mbali, kisha iko juu yako. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilijibana kwenye ubavu mzima wa mashua ile ile niliyokatazwa kuikaribia, nikajifunika kichwa kwa koti la mzee. Lilinuka moshi wa nyumba yetu. Mawe yalinipiga mgongo, yakaruka kwenye mbao, yakajaza tope likawa jeupe. Nilikuwa na hakika kwamba nitakufa hapo na kwamba watasema mashua imechukua wa pili. Niliomba kwa sauti, na sikujisikia nikiomba.

Mawe yalipokoma ukaja ukungu. Barafu ile yote juu ya chai na ardhi yenye joto ikatoa mvuke, na katika dakika chache sikuona maji, sikuona chai, niliona mbavu za mashua tu na mikono yangu. Kila kitu kilinyamaza. Na katika kimya hicho nikamsikia mtu akizungumza ndani ya bwawa.

Nitasema ukweli: nilifikiri ni yule mwingine, aliyezama. Nilijikojolea. Mtu anaweza kucheka, na mume wangu alicheka nilipomsimulia, lakini mtu hajui mwili wake utafanya nini mpaka siku hiyo. Sauti ilikuwa ya kijana, nyepesi, ikizungumza lugha yetu, ikisema, sogea huku, shika hapa, huku hakuna kina. Kisha ikakohoa, na kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nakisikia kila asubuhi kupitia ukuta.

Alikuwa mbele yangu, sikujua umbali gani. Nikaita Baba. Akaendelea kuzungumza na mtu wake, shika hapa, shika mkono. Nikaita Baba kwa nguvu zangu zote, na maji yakasikika yakisukumwa, na sauti yake ikawa mbali kidogo zaidi. Hakuwa akinikimbia. Kwake hakukuwa na baba pale. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajaoa, anamtafuta mwenzake, na kuna mwanamke ufuoni anamwita mtu mwingine.

Niliingia majini. Sijui kuogelea mpaka leo. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi, tope likanimeza hadi mashavu ya miguu, nikashika ubavu wa mwisho wa mashua na hapo ndipo urefu wa mkono wangu uliponifikisha. Nikasikia akisema, sasa kwa upole, ngoja nakuja. Sauti ilitoka karibu na maji, kama ya mtu ambaye maji yamemfika shingoni.

Basi nikalitaja. Nililitaja jina lake lote, lile la utoto na lile alilopewa jandoni, na nikapiga kelele kwa nguvu ambazo sikujua ninazo.

Bwawa likanyamaza. Nikajua nimemuua.

Kisha akaitika. Hakuitika kama anavyoitika mzee. Aliitika haraka, kwa mshangao, kama kijana anayeitwa na rafiki yake kutoka ng'ambo ya malisho, akauliza uko wapi. Nikamwambia niko hapa, kwenye mashua. Nikalitaja jina tena, na tena, kila nikilitaja akijibu, na kila jibu likiwa karibu zaidi, mpaka nikaona kichwa chake cheupe kinatoka kwenye ukungu, kisha mabega, kisha shati limemganda mbavuni. Nilimshika mkono nikamvuta tukaanguka wote wawili kwenye mawe ya barafu ufuoni.

Alinipapasa uso kwa viganja vyote viwili. Macho yake yalikuwa na furaha ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu, na haikuwa yangu.

"Kumbe ulitoka," akasema.

Nilimvika koti, nikamvika viatu. Nilimshika kiunoni tukaanza kutembea kwa kufuata ukingo, mashua nyuma yetu, na yeye akawa anatetemeka huku anazungumza. Nilimwambia anyamaze atunze nguvu. Hakunyamaza. Tulipofika mahali njia inapoingia kwenye chai, alisimama akanishika kifundo cha mkono.

"Siku ile nilikusikia," akasema. "Uliniita mara tatu. Nilikuwa nimeshafika kwenye nyasi. Nikanyamaza, ili ufikiri sipo."

Miaka yote hiyo watu walikuwa wakisema yule mwingine alizama bila sauti. Ni yeye aliyewaambia hivyo. Hapakuwa na shahidi mwingine. Nilisimama pale na baridi yangu na aibu yangu, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa majini, kwa sababu aliningoja nijibu. Aliuliza kama nilikasirika. Mimi si yule marehemu, wala ukoo wake, na sina mamlaka ya kumsamehe mtu kwa niaba ya mtu. Nilimwambia sikukasirika. Nikamwambia kulikuwa na mawe mengi, hata mimi ningeogopa.

Alilia kidogo. Kisha akaniuliza kama nina njaa.

Yule msimamizi alitukuta kijitoni, ana kamba na watu wawili wa kambini. Alimbeba mzee mgongoni hadi nyumbani. Hakuniuliza tena habari ya jina, nami nilimwonea haya hadi alipohamishwa.

Mama mkwe alifika tukiwa tumeshamkausha mzee na kumfunika mablanketi matatu. Nilimngoja atue mzigo wake, nikamweleza yote isipokuwa yale ya njiani. Nilimweleza habari ya karani na majani, habari ya lango, na nikafika kwenye jina. Nilimwambia nimelitaja, si mara moja. Nilitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa Sosiot.

Alichochea moto. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Aliitika?"

Nikasema aliitika. Akauliza aliitika vipi. Nikasema aliitika kama anajua ni yeye.

Mzee hakufa siku hiyo, wala mwezi huo. Homa ilimshika ikamwacha, na bwawani hakwenda tena hata siku moja. Lango lingeweza kukaa wazi kutwa. Mimi ndiye sikupata usingizi. Kila alipokohoa niliketi kitandani, nikihesabu kosa langu, nikingoja kaburi nililomtakia. Na shida mpya ikaja: alikataa kula. Mama mkwe alimbembeleza kwa kijiko, akageuza uso. Watoto wake walikuja kutoka walikoolewa na walikoajiriwa, wakamwita Baba, akatazama mlangoni.

Jioni ya siku ya tatu bila chakula, mama mkwe aliniwekea bakuli la uji mkononi. Aliniambia, bila kunitazama, nimwite vile nilivyomwita. Akajifunga leso kichwani akatoka nje, na kulikuwa na mvua, nikamsikia amesimama chini ya mabati ya jikoni, mbali asisikie. Nikalitaja jina kwa sauti ndogo. Mzee akafungua macho, akaitika, akaketi, akala akinisimulia habari za ng'ombe.

Ikawa hivyo kila jioni kwa muda wa miezi mitano. Chakula kikiiva, mama mkwe anatoka. Mvua kubwa zikaja, matope yakajaa uani, naye anatoka vilevile, anasimama mpaka nimfungulie mlango. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Woga wangu haukuisha, niliuzoea tu, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kuelekea mwisho, mzee alipokuwa ameshapungua hata kumwinua ilikuwa kazi ya mkono mmoja, nilichukua bakuli jioni moja nikangoja mama mkwe atoke. Hakutoka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa moto, mikono mapajani, leso yake imetundikwa msumarini. Nilimwambia, Mama, uji utapoa. Akasema anajua.

Nilingoja tena. Hakusogea. Basi nikalitaja jina la mumewe mbele yake. Mzee akaitika kwa ile sauti nyepesi ya ujana, akatabasamu akitafuta anayemwita. Mama mkwe hakuwa amemjua akiwa na miaka kumi na tisa. Aliolewa naye baadaye, mumewe akiwa ameshakuwa mtu mkimya.

Aliniambia nimwite tena.